Boti ya mpira ikitoboka: ninavyoziba mimi hapa Nungwi

Mzee wangu alikuwa kalafati. Alikaa ufukweni hapa miaka mingi na patasi na nyundo yake, akishindilia pamba iliyolowa mafuta kwenye nyufa za majahazi, akipaka sifa, yaani mafuta ya papa, juu na deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, chini. Nimekua na harufu hiyo, mpaka leo nikisikia sifa ya papa namkumbuka yeye. Ndiyo maana nilipoanza kushika boti za mpira za wapiga mbizi, kosa langu la kwanza lilikuwa la kurithi: nilidhani kila kinachovuja dawa yake ni mafuta. Mbao ikinywa maji huvimba ikajibana yenyewe. Jahazi husamehe. Mpira hausamehe, na mafuta ndiyo adui yake wa kwanza, kwa sababu palipo na mafuta gundi haishiki hata ukiiombea dua.

Msimu kwa msimu mabaharia wa hoteli huja kwangu na swali moja: "Fundi, una solusheni?" Solusheni ninayo. Ile ya pancha za baiskeli inauzwa kila duka. Lakini usiipake kwenye boti, na sababu zake nitazieleza.

Kwanza ujue boti yako imevaa ngozi gani. Boti hizi zina ngozi za aina mbili, na wenye boti wengi hawajui wanayo ipi. Moja ni PVC, plastiki laini iliyopakwa juu ya kitambaa cha polista. Nyingine tunaiita Hypalon, ambayo ni mpira hasa. Hypalon lilikuwa jina la biashara la DuPont ya Marekani, nao waliacha kuitengeneza mwaka 2010. Vitambaa vya leo vimeandikwa CSM, mpira wa namna hiyohiyo kutoka viwanda vingine, lakini jina la zamani limeganda midomoni kama wale wanaoita kila dawa ya meno Kolgeti. PVC inataka gundi ya poliurethani. Hypalon inataka gundi ya neoprini. Ukizibadilisha, kiraka kitakaa siku mbili tatu kikupe moyo, halafu kibanduke ukiwa mbali na pwani.

Kuzitambua si kazi. Chukua kitambaa cheupe, kitie asetoni kidogo, sugua mahali pasipoonekana, tuseme chini ya ubao wa mashine. PVC italainika na kunata kidoleni. Hypalon hainati, inapauka tu. Msasa nao husema kweli: Hypalon ikisuguliwa hutoa vumbi na kufifia, PVC hukwaruzika bila vumbi la maana. Tena fungua valvu uchungulie ndani. Hypalon mara nyingi ina rangi moja nje na nyingine ndani. Na ukiona mishono imeunganishwa kwa moto, imeyeyushwa ikashikana bila gundi, hiyo ni PVC moja kwa moja, maana Hypalon haiunganiki kwa moto.

Kuna PVC nyingine hunata hata bila asetoni. Unaweka kiganja juu ya tyubu, unakiondoa kwa nguvu kama umeshika halua. Jua limeshaitafuna, ule ulaini wake unatoka nje. Kazi hiyo mimi siipokei. Utaziba leo hapa, kesho itafumuka pale, na mwenye boti atasema fundi ndiye mbovu.

Sasa tundu. Kabla ya kulitafuta, hakikisha lipo.

Nasema hivyo kwa sababu hewa ina tabia zake. Boti nyingi za kazi hujazwa kama bar 0.25, bar ikiwa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa. Ukiijaza kiasi hicho alfajiri, joto likiwa nyuzi 25, halafu ukaiacha mchangani mpaka hewa ya ndani ifike nyuzi 50, geji itapanda karibu bar 0.35. Nahodha anagonga tyubu saa saba mchana, anaikuta ngumu kama ngoma, anaogopa, anapunguza. Jioni boti ipo majini, maji yameipoza, tyubu imelegea. "Inavuja!" Haivuji. Wewe ndiye uliyeitoa pumzi. Kwa hiyo pima asubuhi, andika, kisha pima tena asubuhi ya pili saa ileile. Vipimo viwili vya nyakati tofauti za siku havikwambii kitu.

Kama kweli imepungua, anza na valvu. Boti nyingi zinazoletwa kwangu "zimetoboka" huwa zina chembe ya mchanga kwenye kiti cha valvu, basi. Toa hewa, safisha kwa maji yasiyo na chumvi na mswaki laini, tazama kile kipete cha mpira kama kimekatika, funga. Valvu za boti zina spana yake maalumu ya plastiki. Ukizikaza kwa koleo unavunja meno, na hapo umeshajitafutia gharama ya valvu nzima.

Baada ya valvu, sabuni. Sabuni ya kuoshea vyombo, maji, sponji. Jaza boti mpaka iwe ngumu, paka povu kipande kwa kipande, usikimbilie. Tundu kubwa utalisikia kwa sikio kabla hujaliona. Tundu dogo kama ncha ya sindano hutengeneza kichuguu cha povu jeupe, laini, kinachokua polepole. Chora duara kwa penseli. Usitumie bolpeni, wino wake huzama kwenye PVC ukabaki.

Hapa pana mtego ulionichukua muda kuujua. Povu likitokea pembeni ya mkanda wa mshono, usiamini kwamba tundu liko hapo. Ngozi ya boti ina kitambaa katikati, na hewa inaweza kuingia kwenye nyuzi za kitambaa mahali pamoja, ikatembea ndani yake, ikatokea mbali. Mwaka mmoja niliziba mshono uleule mara mbili. Mara ya tatu nikafuata ule mshono kwa nyuma, nikaona kitundu cha ndoana shubiri tatu kutoka pale. Nilipoziba kitundu, mshono ukanyamaza wenyewe.

Jambo jingine ni kuta za ndani. Tyubu imegawanywa vyumba, vitatu au zaidi, ili kimoja kikipasuka vingine vibebe. Jaza chumba kimoja, acha cha jirani kitupu. Cha jirani kikianza kuinuka bila kupulizwa, ukuta wa katikati ndio umeachia, na sabuni haitakuonyesha kitu kwa sababu hewa haitoki nje. Kazi hiyo ni ya kuchana tyubu. Usiijaribu ufukweni. Boti itatembea, ila ujue kwamba una chumba kimoja pungufu, na idadi ya abiria iendane na hilo.

Ngoja nikupe kazi moja nzima, ya mwezi wa Januari mwaka mmoja. Boti ya mita tano, PVC ya kijivu, chini faiba. Mtu wao aliifunga karibu mno na miamba siku ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwetu maji ya bamvua hutoka sana mida ya saa nne asubuhi, na hayakumsubiri mtu. Boti ilikaa juu ya jiwe lenye chaza, ikasukwasukwa na mawimbi ya mwisho kabla maji hayajakauka. Chaza ni wembe. Tyubu ya kulia ilichanika sentimita 22, upande wa chini, na pembeni vitundu vinne vidogo. Mwenye boti, bwana mmoja mpole tu, akaja mbio: "Fundi, naitaka keshokutwa, nina wageni wa kwenda kisiwa cha Mnemba." Nikamwambia bamvua ijayo. Yaani wiki mbili. Hakufurahi.

Siku mbili za mwanzo sikugusa gundi. Niliosha. Chumvi kwanza, kwa maji mengi. Kisima chetu kina maji ya chumvichumvi, kwa hiyo suuzo la mwisho nafanya kwa maji ya mvua niliyoyakinga, au hata ya kununua. Halafu mafuta. Boti ya wageni ina mafuta kuliko sufuria ya mandazi: kila mgeni anajipaka mafuta ya kuzuia jua, anakalia tyubu, anashika kamba, na msimu mzima unashindiliwa kwenye ngozi ya boti. Kuna na mabaharia wanaopaka dawa ya kung'arishia dashibodi za gari ili boti ipendeze kwenye picha. Ile ina silikoni. Siwezi kueleza vya kutosha ninavyoichukia. Gundi inatambaa juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Sabuni pekee haiitoi, lazima asetoni na vitambaa vingi safi, ukipangusa kuelekea upande mmoja, kitambaa kikichafuka unatupa. Ukipangusa kwa mzunguko unayahamisha mafuta tu.

Kama kuna kiraka cha zamani kilichobanduka nusu, kitoe chote. Kipashe kwa draya ya nywele, shika kona kwa koleo, vuta taratibu huku ukiendelea kupasha. Usiweke kiraka juu ya kiraka. Hata fundi nguo hafanyi hivyo.

Kukata kiraka hakuna siri kubwa. Kitambaa kiwe cha aina ileile ya ngozi, kizidi tundu kwa sentimita 5 kila upande, na kisiwe na kona. Kona ndiyo inayoanza kuinuka, mchanga unaingia, mwisho imekwisha. Mimi nachora kona kwa kufuata ukingo wa kikombe cha kahawa. Kiweke kavu mahali pake, kizungushie penseli, kisha zungushia tepu ya karatasi milimita chache nje ya mstari ili gundi isichafue boti yote.

Kukwaruza kunategemea ngozi. Hypalon inataka msasa, namba 80 au 120, kwa mkono, mpaka mng'ao uishe kabisa, kwenye boti na kwenye kiraka. Ukiona kitambaa cha ndani umepitiliza. PVC usiichubue. Asetoni inatosha kuifungua ngozi yake. Wengi wanaikwangua kama wanakuna nazi, wanamaliza lile tabaka linaloshika hewa, halafu wanashangaa boti inavuja kuzunguka kiraka.

Sasa hewa ya nje, na hili kwetu visiwani ni zito kuliko gundi yenyewe. Makopo mengi yameandikwa na watu wa nchi za baridi: joto kati ya nyuzi 18 na 25, unyevu usizidi asilimia 70, wengine 60. Nina kipima unyevu kidogo ukutani. Alfajiri kinasoma 85 na zaidi. Usiku wa masika ndiyo usiseme. Dawa ya gundi, ile inayoifanya iwe majimaji, inapokauka inapoza ngozi ya boti, na unyevu wa hewani unatua pale kama umande kwenye bati. Ukitazama kwa ubavu unaona ukungu mweupe juu ya gundi. Kiraka ukikiweka juu ya ukungu ule umekigandisha juu ya maji.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Masika fulani mvua ilikatika jioni, nikaona nijiwahi, nikapaka gundi saa kumi na mbili. Kiraka kilikaa vizuri. Siku ya tatu boti ikiwa njiani kwenda Mnemba na wageni sita, ukingo mmoja ukajifungua, na kufika kisiwani tyubu ya mbele ilikuwa imelala. Vyumba vingine vilibeba, hakuna aliyelowa zaidi ya kawaida. Nilirudisha pesa. Tangu hapo gundi naipaka kati ya saa tano na saa tisa mchana, kaskazi ikiwa imetulia, chini ya paa, kamwe si juani. Jua nalo lina hila: linakausha juu haraka, dawa inabaki imefungiwa chini, na kesho yake unakuta malengelenge. Siku ya mvua sifanyi kazi ya gundi. Nanoa visu.

Gundi ya kweli ya boti huja vyombo viwili: kopo la gundi, na kichupa kidogo cha hadina, dawa inayoikaza gundi. Bila hadina ni gundi ya viatu tu, ambayo Januari yetu inailainisha ikiwa boti imekaa mchangani saa mbili. Ndiyo shida ya solusheni ya baiskeli pia: imetengenezwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, haikai kwenye PVC, wala haivumilii joto. Kipimo kimeandikwa kwenye kopo, na ninayotumia ni gundi gramu 100 kwa hadina gramu 5. Usikisie. Nunua bomba la sindano famasi, shilingi chache, pima. Hadina ikizidi, gundi inakuwa kama kioo na kuvunjika, ikipungua, haikazi. Na hadina huharibiwa na unyevu. Kichupa kikifunguliwa funga mara moja, na ukikuta imekuwa na mawingu au punje ndani, tupa. Changanya kwenye chupa ya jemu au kikombe cha bati. Vikombe vyepesi vya plastiki huyeyuka mkononi mwako.

Kuipata ndiyo mtihani. Haipandi ndege, kwa sababu inashika moto, kwa hiyo yule mgeni aliyekuahidi kukuletea kwenye begi hataleta. Inakuja kwa meli, na ikifika angalia tarehe. Gundi iliyokaa bandarini jua linapiga miezi sita ni tofauti na iliyotoka kiwandani jana. Mimi nikinunua naandika tarehe kwenye kifuniko kwa rangi, na naweka chini kabisa ya kabati, gizani.

Moshi wake ni mbaya. Fungua milango, vaa glavu na barakoa ya chujio la dawa, siyo ile ya kitambaa. Kijana wangu wa kazi ana pumu. Huyo husafisha, hukata, hubana, lakini kopo likifunguliwa naye anakwenda kununua chai. Sigara ni mbali kabisa.

Brashi iwe ya nywele za mnyama, fupi. Kata nywele zibaki sentimita moja, ili usukume gundi iingie kuliko kuilaza juu. Tabaka la kwanza jembamba, kwenye boti na kwenye kiraka. Subiri nusu saa. Tabaka la pili jembamba, ukipaka kwa kukata ule mpako wa kwanza. Subiri dakika kumi, kumi na tano. Kisha gusa kwa fundo la kidole, siyo ncha, maana ncha ina mafuta: ikiwa inavuta kidogo lakini haiachi gundi kwenye ngozi yako, wakati ndio huo. Una dakika chache.

Hapa usikubali simu wala mgeni. Kiraka kikishagusa hakirudi nyuma. Mimi naanzia ukingo mmoja kwenye mstari wa penseli, nakilaza kama mtu anayetandika mkeka, kiganja kikifuata, ili hewa itoke mbele. Halafu nabana kwa rola ya chuma, kutoka katikati kwenda nje, kwa uzito wangu wote. Huna rola, mgongo wa kijiko kigumu unatosha. Bana tena kingo, na tena kingo. PVC unaweza kuipasha kidogo kwa draya halafu ubane mara ya mwisho. Toa tepu kabla gundi haijakauka kabisa. Kisha ondoka. Saa 24 bila pumzi hata moja ndani ya tyubu, na siku saba kabla ya kuipa kazi ya kweli. Kwa vile vitundu vinne vidogo vya boti ya yule bwana, kazi ilikuwa hiyo tu: viraka viwili, kila kimoja kikifunika viwili.

Mchaniko wa sentimita 22 ni habari nyingine. Tundu likizidi kama sentimita 5, kiraka cha nje peke yake hakitoshi, kwa sababu hewa inakisukuma kutoka ndani, na kingo za mchaniko zinafunguka kama mdomo. Unataka kiraka cha ndani pia, ambacho hewa yenyewe itakikandamiza.

Kukiingiza kunahitaji ujanja. Nilipitisha kipande cha ubao laini ndani ya mchaniko ili nipate mahali pa kusukumia. Nikasafisha ndani kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, nikapaka gundi kwa brashi niliyoipinda shingo kwenye moto. Kiraka cha ndani nilikipaka gundi upande mmoja, na gundi ilipofikia kuvuta nikakifunika nusu yake kwa nailoni, nikakikunja kama sambusa, nikakipitisha. Ndani nikakikunjua, nikashikiza kwanza ile nusu isiyo na nailoni chini ya mdomo mmoja wa mchaniko, nikabana juu ya ubao. Kisha nikaanza kuichomoa nailoni taratibu kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukivuta mdomo wa pili mpaka ukutane na wa kwanza. Kingo zikutane, zisipandane. Zikipandana tyubu itakuwa na mkunjo maisha yake yote, na mkunjo husugua. Jasho lilinitoka pale kuliko siku ya harusi yangu. Nilikiacha siku nzima, na siku ya pili ndipo nikaweka kiraka cha nje, kikubwa zaidi ya kile cha ndani, ili kingo za viraka viwili zisiishie mstari mmoja.

Wenye boti za kupita maporomoko, kama wale wa Jinja kwenye mto Nile, hushona kwanza mchaniko mrefu kwa uzi mnene, kwa mshono unaopishana, ndipo waweke viraka. Kwa mito yenye mawe nawaelewa. Huku baharini sijahitaji.

Ukitobokea majini, hayo yote hayakusaidii. Cha kubeba ni kile kibano cha sahani mbili za umbo la yai zenye bolti katikati: sahani moja inaingia ndani kwa kulazwa ubavu, nyingine inabaki nje, unakaza kwa mkono na mpira wa sahani unaziba. Hakihitaji gundi wala ukavu. Kila boti ninayoitengeneza naifunga viwili, vya ukubwa tofauti, kwa kamba kwenye boksi la mafuta. Kabla ya hapo wahamishe watu upande ulio mzima, punguza mwendo, na upande uliolegea usiuelekeze kwenye mawimbi. Pampu iwe juu juu, siyo chini ya mitungi ya hewa. Na hiyo mitungi, mikanda ya risasi, visu na makombe ya nanga ndivyo hutoboa boti kuliko hata miamba. Visikae vikigusa tyubu.

Siku ya nane nilijaza tyubu ya kulia nusu, nikaiacha usiku. Asubuhi povu la sabuni pande zote za viraka: kimya. Nikaipandisha hadi 0.25 saa moja asubuhi, kesho yake saa moja nikapima tena. 0.24. Huo ni upungufu wa geji na wa kufungua valvu kupima, hauna neno. Siku ya bamvua maji yalijaa saa kumi alasiri, tukaibeba watu wanane mpaka majini, maana boti ya mpira haiburutwi mchangani. Mwenyewe aliinama akapitisha kidole kwenye ukingo wa kiraka, akatafuta pa kuingiza ukucha, hakupata. Nikampa kipande cha kitambaa kilichobaki, kikiwa kimeandikwa nyuma kwa penseli: PVC, poliurethani, na tarehe. Nikamwambia akiweke pamoja na karatasi za mashine, ili fundi mwingine akija asianze kwa kuuliza solusheni iko wapi.